Fyuzi ni kitu cha franka kidogo, lakini inalinda gari na maisha

Mafundi wengi wa umeme wa gari huku Goma, Bukavu, Uvira ao Butembo wanaijua kazi hii. Moteri ya mitumba imefika kutoka Japani, waya zake zimekatwa kwa makasi, kompyuta yake, ile tunayoita kalkilateri, inaning'inia kando, na mwenye gari anataka iwake kabla ya jioni. Fundi anaunga, anafunga kwa skochi, anaiwasha. Watu wanafurahi. Lakini hakuna anayeuliza: waya alizoongeza zina unene gani, na fyuzi yake ni ya ampea ngapi?

Mimi ninaona kwamba swali hilo sherti liulizwe kabla ya feza kutolewa. Gari nyingi kati ya hizi zinabeba watu kila siku.

Kwanza tuondoe wazo moja lisilo sawa. Wengi wanazani kazi ya fyuzi ni kulinda radio, taa ao pompi ya mafuta. Hapana. Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Waya ikisuguliwa na chuma mpaka ganda lake litoboke, batri ya gari, hata ile ndogo, inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa mara moja. Kama hakuna kitu cha kukata, waya inakuwa nyekundu, plastiki inaungua, na karibu yake kuna mpira wa petroli. Fyuzi inawekwa ili iungue yenyewe kabla ya waya kuungua.

Kwa hiyo namba ya fyuzi inafuata unene wa waya. Katika joto la moteri, kanuni ya busara ni hii: waya ya milimeta mraba 1 isipite fyuzi ya 10, ya 1,5 isipite 15, ya 2,5 isipite 20, ya 4 isipite 30. Rangi za fyuzi bapa zinasaidia hata asiyevaa miwani: nyekundu ni 10, buluu ni 15, manjano ni 20, kijani ni 30.

Sasa angalia tunachofanya. Buluu inaungua mara mbili, shofere anakasirika, anaweka kijani. Ama anafunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Gari inatembea, naye anasema fundi wa kwanza hakujua kazi. Kumbe fyuzi ilikuwa inamwambia kuna waya inagusa mahali, naye amemfunga mdomo shahidi.

Jambo la pili ni urefu, na hapa ndipo moteri nyingi zinakufa bila sababu kujulikana. Chukua pompi inayokula ampea 10, iko nyuma ndani ya tanki, mita 5 kutoka mbele. Ukitumia waya ya 0,75, volti 1,2 hivi zinapotea njiani. Ukitumia ya 2,5, zinapotea kama 0,35 tu. Masi mbaya inaongeza hasara hiyo. Pompi iliyonyimwa umeme inasukuma mafuta machache. Katika muji hutaona kitu. Lakini panda Ngomo kutoka Kamanyola ukiwa na mzigo: moteri ya petroli inakosa nguvu, inachemka kupita kiasi, na hata pistoni inaweza kutoboka. Utalaumu petroli ya Kadhafi wa kando ya barabara, na pengine petroli haina kosa.

Si waya zote zinahitaji kuwa nene. Zile za vipima joto na vipima hewa zinabeba umeme mdogo sana, 0,5 inatosha. Hizo zinahitaji usafi tu, na masi yake irudi kwenye kalkilateri, isifungwe popote kwenye bodi. Pompi ipitie rele, isipitie kontakti ya ufunguo. Na fyuzi kubwa iwe karibu kabisa na batri, juu kipande chochote cha waya kilicho kati ya batri na fyuzi hakina mlinzi.

Kisha kuna waya yenyewe. Ile ngumu ya nyumba, yenye uzi mmoja, si ya gari: mitikisiko ya barabara zetu inaivunja ndani ya ganda. Nyingine ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ukikwaruza uzi wake, ndani unaona weupe. Hiyo inapitisha umeme vibaya kuliko shaba ya kweli.

Mafundi watanijibu kwamba wenye gari hawalipi. Ni kweli. Anayebishana juu ya bei ya mita 5 za waya, wakati amenunua moteri kwa mamia ya dola, asiseme baadaye ameharibiwa. Lakini fundi naye asijifiche nyuma ya maneno « inatembea ». Ndani ya garaji gari inatembea dakika kumi. Joto la waya linapanda safarini, saa ya pili, watu wakiwa wamejaa.

Dawa haihitaji mzungu wala mradi. Mwenye gari aulize mambo matatu kabla ya kulipa: waya ni ya unene gani, fyuzi ni ya ngapi, na iko wapi. Fundi aandike majibu kwenye kipande cha karatasi na kukibandika ndani ya kifuniko cha fyuzi, ili fundi wa kesho asibahatishe. Vyama vya mashofere viweke pakiti ya fyuzi za namba zote katika kila gari ya abiria. Na wanaotoa karatasi ya kontroli tekiniki wafungue kapo, wasihesabu taa na breki tu.

Abiria anayepanda gari hawezi kuona waya zilizo chini ya miguu yake. Aliyezifunga na aliyelipa wao wanazijua, na ndio watakaoulizwa siku moshi utakapotokea.