Matairi Yadundayo Asubuhi ya Baridi

Wako ndugu zetu wengi, na wana wetu pia, waliohamia nchi ambazo maji hulala nje yakaamka barafu: Minneapolis na Columbus katika Marekani, Toronto na Montreal katika Kanada, na miji ya Sweden na Norway. Katika mambo yawashtuayo mwaka wa kwanza, liko moja ambalo hawakupata kuliona Mombasa wala Dar es Salaam wala Bukavu. Gari limelala nje usiku kucha. Alfajiri mwenyewe aliwasha aende msikitini au kazini, na mara liondokapo husikia magurudumu yakidunda, du, du, du, na usukani ukitetemeka mikononi mwake, kana kwamba gari limefungwa magurudumu ya pembe nne. Hushuka akatazama. Hakuna pancha, hakuna jiwe, na matairi ni mapya. Akishika njia, baada ya nusu saa hivi mdundo umekwisha, gari laenda laini. Kesho yake ni yale yale.

Tumeona yafaa kulieleza jambo hili, kwa kuwa kutolijua kumewatia watu hasara za namna mbili. Wako waingiao hofu wakakimbilia gereji, wakauziwa matairi manne wasiyoyahitaji. Na baridi ikirudi, matairi hayo mapya nayo hudunda. Na wako wengine ambao, wakiisha kuambiwa kwamba ni baridi tu, hudharau hata tairi lililo na ugonjwa wa kweli, mpaka likapasuka katika barabara kuu na watoto wamo ndani ya gari.

Basi na tuanze na tairi lenyewe. Gari dogo la kilo 1,500 lisimamapo, kila tairi hubeba kiasi cha kilo 375, na mzigo wote huo huikanyaga ardhi kwa kipande cha mpira kisichopita sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Kipande hicho hulala bapa, ilhali tairi lote lililobaki ni mviringo. Gari likienda hapana taabu, kwani kila sehemu hupata zamu yake ya kulala chini na kuinuka. Taabu huja gari lisimamapo, maana sehemu moja tu ndiyo iliyolala, nayo hulala hivyo mpaka asubuhi.

Ndani ya mpira mna nyuzi. Mpira peke yake haungeweza kuuzuia upepo ulioshindiliwa. Wenye kuuzuia ni nyuzi zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na mpira umezifunika kama udongo ufunikavyo fito za ukuta wa nyumba. Katika matairi ya siku hizi nyuzi hizo aghalabu ni za poliesta, na juu yake huwapo waya za chuma, na katika matairi mengi yaliyotengenezwa kwa mwendo wa kasi huongezwa ukanda wa nailoni juu ya waya zile. Nailoni hii ndiyo yenye hatia kubwa. Tabia yake ni kwamba ikipata joto la digrii 50 hivi, au kupita kidogo, hulainika na kutaka kujikunyata iwe fupi; na ikipoa hukakamaa, ikashika umbo lile lile ililo nalo saa ya kupoa.

Msomaji mwenye kupiga pasi nguo za nyumbani atatuelewa upesi. Kanzu ikunjwapo ingali na moto wa pasi, mkunjo hushika, na kuupapasa kwa mkono hakuuondoi. Hauondoki ila kwa kurudisha pasi. Tairi nalo ni vivyo hivyo. Litokapo safarini lina joto jingi, kwa kuwa mpira unaokunjwa na kukunjuliwa maelfu ya mara hujichemsha wenyewe. Likasimama katika baridi, nyuzi zilizo katika kile kipande kilicholala hazikuvutwa sawasawa na zile zilizo katika mviringo. Basi zikipoa, hizi hukakamaa kwa urefu huu, na zile kwa urefu mwingine. Asubuhi gari liondokapo, ule ubapa umo bado, nao hugonga barabara mara moja kila gurudumu lizungukapo. Dawa yake ni ile ile ya pasi, yaani joto kurudi. Mwendo wa kilomita 20 au 30 huchemsha nyuzi tena, nazo hulegea na kurudi katika mviringo wake. Katika baridi kali sana huenda ikahitajiwa safari ndefu kupita hiyo, na mtu ambaye kazi yake iko mtaa wa pili huenda akafika kabla mdundo haujakwisha, akadhani gari lake ni bovu mwaka mzima.

Jambo hili si geni. Nailoni ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1935 na Wallace Carothers, katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Wilmington, Marekani. Wakati wa vita kuu vya pili ilitumiwa katika matairi ya ndege kwa nguvu zake, na baada ya vita ikaingia katika matairi ya malori, kisha katika magari madogo. Hapo ndipo manung'uniko yalipoanza. Watengenezaji wa magari wa Detroit hawakupenda mteja aliyenunua gari jipya lisilo na doa alisikie likidunda kila asubuhi, wakashikilia kuyatoa magari yao na matairi ya nyuzi za rayoni, zisizo na tabia ile, ijapokuwa nailoni ilikuwa na nguvu zaidi. Mteja akitaka nailoni, aliinunua mwenyewe dukani matairi ya kwanza yalipokwisha. Katika miaka ya 1960 poliesta ikaingia katikati yao, nayo ina uvumilivu zaidi, na watu wakaanza kuusahau ule mdundo. Kisha magari yakaongeza kasi, nailoni ikarudishwa juu ya waya za chuma ili tairi lisitanuke kwa mwendo, na mdundo ukarudi pamoja nayo, ingawa si kwa ukali wa zamani. Ndiyo sababu mwenye gari la fahari, lenye matairi mapana na mafupi ya ubavu, husumbuka kupita jirani yake mwenye gari la kawaida. Twakiri jambo hili latufurahisha kidogo.

Mpira nao una fungu lake katika lawama. Wa asili, usiotiwa dawa, hukauka kwa baridi ukawa mgumu, na kwa joto hunata kama asali. Katika miaka ya 1830 Marekani waliuza viatu vya mpira vilivyoyeyuka majira ya joto, na wafanya biashara wengi wakafilisika. Mwaka 1839 Charles Goodyear alivumbua kuuchanganya na kiberiti na kuutia motoni, na tangu hapo ukavumilia joto na baridi. Mtu huyo alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni makubwa. Kampuni yenye jina lake iliundwa na wengine mwaka 1898. Walakini hata mpira wa Goodyear hukakamaa baridi izidipo. Matairi ya majira ya joto huanza kupoteza ulaini na kushika barabara kwake joto likishuka chini ya digrii 7, na yale ya mwendo wa kasi sana huweza hata kupasuka nyufa yakiendeshwa katika barafu kali. Hii ndiyo hekima iliyo nyuma ya sheria ya Quebec, ambako jamaa zetu wengi wa Kongo wanakaa, inayomlazimisha mwenye gari kufunga matairi ya baridi toka tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi.

Liko na jambo la upepo, na hili ndilo tungependa likumbukwe zaidi, kwa kuwa dawa yake haina gharama. Upepo ukipoa hupungua nguvu. Kila joto lishukapo kwa digrii 5 au 6, presha ya tairi hupungua kiasi cha pauni 1. Mtu aliyejaza pauni 32 mwezi wa Oktoba, siku yenye digrii 15, asubuhi ya Januari yenye digrii 15 chini ya sifuri atakuta zimebaki 27 tu, na hakuna pancha wala mwizi. Tairi lenye upepo kidogo hulala bapa zaidi, na ule ubapa ukawa mkubwa. Yampasa mwenye gari apime matairi yake mara moja kila mwezi, nayo yangali baridi kabla ya safari, akifuata hesabu iliyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa penye fremu ya mlango wa dereva. Kipimo chenyewe chatosha mfukoni, na kijana wa nyumbani aweza kupewa kazi hiyo iwe yake.

Sasa twaja kwenye swali lenye uzito: mtu atajuaje kwamba mdundo wake ni wa baridi, wala si wa ugonjwa? Alama ni kuwa mdundo wa baridi hupungua kadiri tairi lipatavyo joto, na ule wa ugonjwa hubaki au huzidi. Tairi ambalo tabaka zake zimeanza kuachana ndani huchukia joto kuliko kitu chochote. Mwaka 2000 Marekani matairi ya Firestone yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa katika magari ya Ford Explorer, yaliitwa yarudishwe kwa sababu ngozi ya juu ilikuwa ikibanduka njiani; watu zaidi ya 200 walikufa katika ajali hizo, na nyingi zilitokea katika majimbo ya joto, magari yakienda kasi. Basi mtu akiona mdundo haukwisha baada ya nusu saa, au ulikuwa umekwisha kisha ukarejea safari ikiendelea, au aone uvimbe ubavuni mwa tairi, hata uwe mdogo kama nusu ya yai, na asimame. Hapo asingoje kesho.

Uko na ubapa wa tatu, ambao hautokani na baridi wala na ugonjwa. Dereva akikanyaga breki kwa ghafula magurudumu yakakwama yasizunguke, barabara huukwangua mpira mahali pamoja. Kilichokwanguliwa hakirudi, na hakuna joto la kukirudisha. Magari mengi ya siku hizi yana breki zinazozuia kukwama huko, lakini ya zamani hayana.

Mwenye shaka na aende kwa fundi, ila aende na maneno ya kusema. Mgeni ni kuku mweupe, na tumekwisha kusikia mara nyingi habari za gereji zionazo jina la mtu na lafudhi yake, zikamwongezea hesabu. Asiseme, "Tairi zangu mbovu, nifanyie utakalo." Na aseme: "Gari hudunda asubuhi, na baada ya kilomita kadha wa kadha huacha," au, "haliachi." Amwombe fundi aliinue kwa jeki, alizungushe gurudumu mbele ya macho yake, amwonyeshe mahali penye kasoro. Fundi mwaminifu hatachukia. Atafurahi kupata mteja anayejua alisemalo. Asiyetaka kuonyesha, na achiwe gereji yake.

Wale wanaofunga safari kuja nyumbani miezi miwili, nao wakaliacha gari huko katika kitovu cha baridi, wana haja ya hadhari zaidi, kwa maana ubapa wa usiku mmoja huondoka, lakini ule wa majuma mengi huenda usiondoke wote. Kabla ya kuondoka na waongeze pauni chache za upepo, bila kupita kiasi cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na wakirudi wakumbuke kuzipunguza. Bora zaidi ni kumwachia jirani ufunguo, alisogeze gari kila baada ya juma, hata hatua mbili tatu, ili uzito ukae mahali pengine. Matairi ya majira mengine yaliyowekwa ghalani yasiachwe na mzigo juu yake.

Hapa kwetu pwani usiku hauna baridi ya kuleta mambo haya, lakini hatukusalimika kabisa. Magari mengi tununuayo hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, nayo hukaa majuma kadhaa melini, kisha tena bandarini Mombasa au Dar es Salaam yakingoja karatasi, matairi yakiwa yamelala mahali pamoja na mara nyingi upepo umepungua. Anayelichukua gari kama hilo asishangae likidunda njia nzima ya kwanza. Na ajaze upepo, aliendeshe polepole kwa saa moja, kisha asikilize. Mdundo ukibaki, na ainame atafute ubavuni mwa tairi tarakimu nne zilizo peke yake mwishoni mwa mstari wa herufi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Akisoma 1412, tairi lile lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2012, na hapo hana haja ya kuuliza tena habari za mdundo, anunue jingine.