Korona Imetoka Kifuani, Haijatoka Kichwani: Tunayojifunza Kutoka Kingsview Village

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si dharura ya kimataifa tena. Kwa familia nyingi habari hii iliishia hapo. Chanjo zilishapigwa, viwanja vya ndege vilishafunguliwa, na waliofiwa walishasoma khitma zao. Lakini wapo watu ambao homa iliwashuka, kikohozi kikawaisha, na mpaka leo hawajarudi kuwa kama walivyokuwa. Wanasahau majina ya watu waliokua nao. Kichwa kinawauma kila kukicha. Udi ukifukizwa hawausikii. Wakisimama tu, moyo unawaenda mbio.

Makala haya yanahusu hao. Tunaanzia mtaa mmoja wa Toronto, Kanada, kwa sababu mtaa huo na jirani zake wanaonyesha wazi ni nani aliyeumwa zaidi, na kwa nini ni rahisi malalamiko yake kupuuzwa.

Kingsview Village iko Etobicoke, upande wa kaskazini-magharibi wa jiji, kando ya Dixon Road, barabara inayoelekea uwanja wa ndege wa Pearson. Yapo pale majengo sita marefu ya fleti ambayo Wasomali wamekaa kwa wingi tangu mwisho wa miaka ya 1980, vita vilipowatawanya, hata watu wakapaita Mogadishu Ndogo. Ni maisha tunayoyajua: bibi, wazazi na watoto katika fleti moja, lifti moja kwa mamia ya watu, na jamaa wa nyumbani wanaosubiri fedha kila mwisho wa mwezi.

Kanada ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza hapo hapo Toronto, tarehe 25 Januari 2020. Mwezi wa Mei mwaka huo jiji lilipoanza kutoa takwimu za kila mtaa, ilionekana kwamba kona ya kaskazini-magharibi ndiyo iliyopigwa vibaya zaidi. Idara ya afya ya jiji ikaongeza hesabu nyingine mwezi wa Julai: watu wasio Wazungu walikuwa asilimia 52 ya wakazi wa Toronto, lakini walikuwa asilimia 83 ya walioambukizwa katika kipindi kilichopimwa. Nusu ya waliougua walitoka katika nyumba zenye kipato kidogo, ambazo ni asilimia 30 tu ya jiji.

Sababu haikuwa damu wala rangi, ilikuwa kazi na makazi. Mwenye kazi ya kompyuta alibaki nyumbani. Anayeendesha teksi, anayepakia mizigo ghalani au anayewaogesha wazee katika nyumba za kulelea hakuweza kuifanya kazi yake sebuleni. Na akiugua, alipiga hesabu ya mshahara kwanza. Serikali ya jimbo la Ontario ilitangaza siku tatu za ugonjwa zenye malipo mwisho wa Aprili 2021, mwaka mzima na zaidi tangu maradhi yaingie. Stockholm nako, Machi 2020, madaktari wenye asili ya Somalia walitoa tahadhari kwamba Wasomali walikuwa wengi mno miongoni mwa watu wa mwanzo kufariki katika jiji hilo.

Sasa tuje kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Mwanzoni korona ilihesabiwa kuwa maradhi ya mapafu. Lakini mapema Aprili 2020 madaktari wa Wuhan waliandika kwamba katika wagonjwa 214 waliolazwa, zaidi ya theluthi moja walikuwa na dalili za mfumo wa fahamu: kizunguzungu, kichwa kuuma, kupoteza harufu na ladha, na wengine kiharusi. Mwezi huo huo hospitali moja ya New York iliripoti watu watano walio chini ya miaka 50 waliopatwa na kiharusi kikubwa wakiwa na korona.

Virusi vinafanyaje haya? Wengi walidhani vinaingia ubongoni na kuula. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walipochunguza ubongo wa marehemu 41, walikuta virusi kidogo sana. Walichokikuta kwa wingi ni dalili za kukosa hewa ya oksijeni, na seli za kinga za ubongo zilizokuwa zimechachamaa. Kwa maneno mepesi, madhara mengi yanatokana na vita vya mwili wenyewe dhidi ya adui. Uvimbe unaenea, damu inaganda katika mishipa, na mara nyingine kinga inakosea na kuishambulia mishipa ya fahamu, kama katika maradhi ya Guillain-Barré, ambayo huanza kwa ganzi na udhaifu wa miguu. Hata harufu hupotea kwa njia hiyo ya kuzunguka: virusi hushambulia zaidi seli zinazoitunza mishipa ya kunusa, si mishipa yenyewe. Ndiyo maana wengi hurudiwa na harufu baada ya muda.

Je, madhara haya yamepimwa, au ni maneno ya watu? Yamepimwa. Nchini Uingereza watu 785 wenye umri wa miaka 51 hadi 81 walipigwa picha za ubongo mara mbili, na 401 kati yao waliambukizwa katikati ya picha hizo. Matokeo yalitoka Machi 2022. Walioambukizwa, ambao wengi wao hawakulazwa hospitali, walikuwa wamepungukiwa zaidi na ubongo katika sehemu zinazohusika na harufu, kwa kiasi cha kati ya asilimia 0.2 na 2. Mwaka 2024 watafiti wa Imperial College London walitoa matokeo ya zaidi ya watu 110,000 waliofanya mtihani wa kumbukumbu na kufikiri. Waliopona kabisa walikuwa nyuma ya wasioambukizwa kwa alama kama 3 katika kipimo cha akili ambacho wastani wake ni 100. Ambao dalili hazijawaisha walikuwa nyuma kwa alama kama 6, na waliowahi kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi kwa alama kama 9. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba walioambukizwa mwanzo mwanzo, na virusi vya awali, ndio walioathirika zaidi.

Tusitiane hofu bure: walio wengi hupona. Alama 3 kwa mtu mmoja ni kitu kidogo. Lakini kwa anayeendesha gari usiku, au anayegawa dawa kwa wazee, usahaulifu kidogo tu ni hatari, na kazi anaweza kuikosa. Takwimu za serikali ya Kanada zinasema kufikia Juni 2023 watu wazima milioni 3.5 walikuwa wamepata dalili za muda mrefu, na milioni 2.1 kati yao walikuwa bado nazo. Kiasi cha watu 100,000 walikuwa hawajaweza kurudi kazini au masomoni.

Hapa ndipo jambo hili linapoingia ndani ya nyumba zetu za Maskati, Dubai na Doha. Mgonjwa wa namna hii hana bendeji wala mkongojo. Jamaa wanamwona mzima, wanasema amekuwa mvivu, au ana hasadi ya watu, au apelekwe akasomewe. Kisomo ni kheri na hakina ubaya, lakini hakimzuii mtu kwenda kwa daktari. Na ndugu aliyeko Toronto akipunguza fedha anazoleta, pengine hajatusahau. Pengine amepunguza siku za kazi na anaona aibu kueleza sababu.

Kuna tatizo jingine, la karatasi. Tanzania iliacha kutoa hesabu za wagonjwa mwisho wa Aprili 2020, ikabaki hivyo zaidi ya mwaka, hali maradhi yalikuwepo. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilitangaza kwamba alikuwa na korona, alifariki tarehe 17 Februari 2021. Ontario nayo ilibana vipimo vya maabara kuanzia mwisho wa Disemba 2021, vikabaki kwa watu maalumu. Kwa hiyo wengi waliugua bila ya kuwa na cheti chochote. Wasikate tamaa. Maelezo ya Shirika la Afya Duniani ya Oktoba 2021 yanamhesabu hata mtu ambaye inaelekea tu kuwa aliambukizwa, ikiwa dalili zipo miezi mitatu tangu kuanza kuugua, zimedumu angalau miezi miwili, na hazina sababu nyingine.

La kufanya ni hili. Andika tarehe ulizougua na dalili zilizobaki, umpelekee daktari, naye apime kwanza sukari, presha, damu na tezi la shingo, kwani hayo pia huleta usahaulifu na uchovu. Aliyepoteza harufu ajizoeze kunusa mara mbili kwa siku, kwa wiki 12 au zaidi: waridi, karafuu, ndimu na mkaratusi ndizo harufu zinazotumika, na tatu za mwanzo hazikosekani majumbani mwetu. Muda wote huo awe na mtu wa kumwangalizia gesi ya jikoni. Anayezidiwa na uchovu kila akijikaza asilazimishwe, agawe kazi zake kidogo kidogo. Na mtu akipinda uso, mkono ukalegea au ulimi ukawa mzito ghafla, msingoje asubuhi: Oman pigeni 9999, Imarati 998, Kanada 911.

Mengine yako mikononi mwa serikali na hospitali. Letu sisi ni kumuuliza jamaa swali la pili baada ya kutuambia alhamdulillah, na kuamini anachotujibu.