MALIPO YA MOSHI

Tangu tarehe 1 Januari, 2026, chuma, saruji, aluminiamu na mbolea viingiavyo katika nchi za Umoja wa Ulaya vinahesabiwa malipo kwa kadiri ya moshi uliotoka vilipotengenezwa. India na Uchina zimelalamika kuwa huo ni ushuru uliovikwa joho la mazingira. Sisi tunaona zinasema nusu ya kweli.

Kwa miaka mingi Ulaya imejisifu kwamba hewa ya ukaa kutoka viwandani mwake inapungua. Imepungua kweli. Lakini sehemu ya kazi yenye moshi ilihamia nchi nyingine, hasa Uchina, ambayo leo hufua zaidi ya nusu ya chuma chote duniani, na bidhaa zikarudi Ulaya kwa meli. Daftarini dhambi ikaandikwa kwa Mchina. Mnunuzi akabaki mtakatifu!

Hata hivyo, mkubwa mmoja akibana, mwingine hugeuka. Mwaka 2025 Uchina iliingiza viwanda vya chuma, saruji na aluminiamu katika soko lake la hewa ya ukaa, lililoanza mwaka 2021 kwa vituo vya umeme peke yake. Hapana shaka jicho moja lilitazama mlango wa Ulaya.

Mkulima wa Pemba aliyeingiliwa na maji ya chumvi katika bonde lake la mpunga hakukiuza chuma hicho wala hakukinunua. Wajumbe wetu waendapo mikutanoni wasiridhike kupiga makofi. Wadai moshi uhesabiwe kwa mtumiaji pia, na fungu la malipo hayo lijenge matuta ya kuzuia bahari visiwani.