Kidole Kilichopinda Si Kosa



Leo nataka kusema juu ya ubaya ambao hatukuletewa na mwajiri. Tuliuleta wenyewe.

Nilipokuwa mkata miwa, genge letu lilipata mwenzetu mpya. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimepinda, na viwili vilikuwa vifupi. Alimaliza kipande chake kama sisi sote. Lakini saa ya kula hakuna aliyekaa karibu naye. Baada ya wiki mbili tulimwendea nyapara, tukasema: "Huyu ana ukoma, mwondoe." Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema. Nyapara hakumwuliza mganga yeyote. Jioni ile yule ndugu alilipwa siku zake, akaenda. Baadaye karani alituambia kwamba alikuwa na barua ya hospitali, imeandikwa kuwa amekwisha pona. Hakuna aliyetaka kuisoma.

Ndugu, ukoma si laana wala si damu ya ukoo. Huletwa na vijidudu, na daktari Hansen wa Norway aliviona mwaka 1873. Vijidudu hivyo huharibu mishipa ya fahamu. Mkono ukipoteza hisia, mtu huungua au hukatwa bila kujua, vidonda vikazidi, na vidole vikapinda na kufupika. Dawa huua vijidudu, lakini hainyooshi kidole. Basi kidole cha mtu aliyepona ni kovu tu, kama kovu la panga. Hakimwambukizi mtu.

Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeshauri dawa za mchanganyiko, na tangu 1995 dawa hizo hutolewa bure. Matibabu ni ya miezi 6 au 12, na mgonjwa akianza dawa, haichukui muda mrefu kabla hajaacha kuambukiza. Huko Buluba, Uganda, Daktari Wanda Błeńska kutoka Poland alifika mwaka 1951 akawatibu wenye ukoma kwa miaka zaidi ya 40. Alirudi kwao salama.

Sasa, wa kuangaliwa ni nani? Pengine ni mwenye mikono mizuri, anayeficha baka chini ya shati kwa sababu aliona tulivyomfukuza mwenzake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Dharau yetu humfanya achelewe kutibiwa, akalemaa, na huenda akaambukiza wa nyumbani kwake.

Tena tulimfundisha mwajiri somo baya. Akijua kwamba tunakubali mtu afukuzwe kwa sura yake, kesho atamwondoa mwenye jicho moja, keshokutwa mzee mwenye mvi. Nani atamtetea, ikiwa sisi ndio tuliofungua mlango?

Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio kukataza ubaguzi wa watu wenye ukoma na jamaa zao. Azimio hilo halitafika shambani kwa miguu yake. Sisi ndio wa kulifikisha.

Kwa hiyo nawaomba wajumbe wa kila tawi: mtu asiondolewe kazini kwa kutazamwa tu. Asiyekuwa na hisia mkononi apewe glavu, au kazi isiyo na moto. Na kila mmoja wetu akiona baka lisilo na hisia mwilini mwake, aende zahanati mapema bila aibu.

Yule ndugu sikumwona tena. Hata jina lake sikuliuliza.

Umoja ni nguvu, lakini umoja unaochagua sura si umoja.