Samaki Wetu na Dawa za Wagonjwa

Jioni ifikapo katika kituo cha Kawangware 56, meza za wachuuzi hujaa omena na mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki baada ya minofu kuuzwa ng'ambo. Samaki mzima ni wa wachache. Kwa hiyo ufugaji wa samaki si jambo la wenye mashamba pekee. Unahusu sahani ya mnyonge wa Kawangware na Kibera.

Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140. Vingi viliachwa baadaye, na bei ya chakula cha samaki, ambacho aghalabu humeza zaidi ya nusu ya gharama za mfugaji, ilichangia pakubwa. Ndipo probiotiki zinapostahili kuzingatiwa. Hizi ni bakteria hai wenye manufaa, hasa wa jamii za Bacillus na Lactobacillus, wanaochanganywa na chakula au kutiwa majini. Tumboni mwa ngege hushindania nafasi na vimelea vya maradhi, na baadhi hutoa vimeng'enya vinavyosaidia usagaji wa chakula. Hakuna uchawi hapa: jamaa zao ndio wanaogandisha maziwa lala.

Lakini hoja yangu kuu si uzito wa samaki. Mfugaji aonaye samaki wake wakielea matumbo juu hushawishika kukimbilia antibiotiki. Dawa husambaa majini, vimelea vinavyonusurika huwa sugu, na usugu huo waweza kuhamia kwa vimelea vinavyomshambulia binadamu. Kibera yaijua adha hiyo. Uchunguzi uliofanywa huko kati ya 2007 na 2009 ulionyesha kwamba vimelea vingi vya homa ya matumbo havikusikia tena dawa kadhaa za kawaida. Sisemi samaki ndio walioleta balaa hiyo. Nasema mtaa uliokwisha kupokonywa silaha hizo hauwezi kustahimili nyingine zipotezwe vidimbwini. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tangu Januari 2006. Sisi twangoja nini?

Hata hivyo, wafugaji wajihadhari na wauza makopo. Probiotiki hazitibu maji machafu. Bwawa la Nairobi, jirani ya Kibera, limesongwa na magugu maji na maji taka kwa miaka mingi, wala hakuna bakteria wa kopo watakaoligeuza kuwa shamba la samaki. Tena bakteria waliokwisha kufa kwa joto la stoo ni vumbi tu, hata kibandiko kikisema nini. Kituo cha Sagana, ambacho kimejishughulisha na samaki tangu 1948, kipewe fedha za kupima bidhaa hizi kabla hazijamfikia mfugaji.

Walimu nao wasingoje. Matangi mawili, vifaranga wa umri mmoja, chakula kile kile, probiotiki katika tangi moja tu. Kisha wanafunzi wapime uzito kila mwezi na kuhesabu waliokufa.