UKURASA WA WAALIMU: Gazeti lisilofaa kulazwa kabatini



Juma hili nawaletea habari ya gazeti, wala si letu hili mlishikalo mikononi. Ni gazeti la waalimu wa sayansi, jina lake Science in School, maana yake "Sayansi Shuleni". Matoleo yake mapya hutoka mara kadhaa kwa mwaka, na kila litokapo jingine waalimu wenzangu huniuliza: "Ndugu, latufaa nini sisi gazeti la Ulaya, nasi hatuna hata chupa moja ya maabara?" Swali hilo ni la haki, nami nataka kulijibu leo. Lakini kwanza niwaungamie kosa langu mwenyewe.

Katika miaka yangu ya kwanza ya kufundisha nilifikia somo la asidi na besi. Niliandika ubaoni kama nilivyoandikiwa mimi seminarini: asidi huigeuza karatasi ya turnesoli kuwa nyekundu, na besi huigeuza kuwa ya buluu. Watoto wakanakili. Mmoja wao, kijana mnyamavu wa kiti cha nyuma, akasimama akauliza: "Samahani, mwalimu, hiyo turnesoli ni kitu gani?" Sikuwa nayo hata kipande, tena mimi mwenyewe sikuwahi kuishika. Badala ya kusema kweli, nikamjibu: "Wewe andika tu, ndivyo utakavyoulizwa katika mtihani." Akaketi.

Siku ya mtihani darasa zima lilijibu sawasawa, nami nikasifiwa. Ila nilipokuwa nikisahihisha karatasi zile, moyo ulinichoma. Watoto wale walishuhudia jambo wasiloliona, na aliyewafundisha ushuhuda huo ni mimi, ambaye sikuliona pia.

Miaka ikapita. Rafiki yangu akaniazima gazeti moja la waalimu, na humo nikakuta ukurasa juu ya rangi za mimea. Mwandishi alikuwa mtu wa Ulaya, naye alitumia kabichi nyekundu, kitu kisichopatikana sokoni kwetu. Nilikuwa karibu kulifunga gazeti, ndipo nikasoma kwamba rangi za namna ile zimo pia katika maua na matunda mengi mekundu na ya zambarau. Nikainua macho, nikatazama dirishani. Ukingo wote wa shule yetu ni hibiskusi yenye maua mekundu!

Kesho yake tulichuma maua kumi. Tukayakatakata, tukayamwagia maji ya moto, tukangoja robo saa, kisha tukachuja kwa kitambaa. Tukapata maji ya rangi ya zambarau, tukayagawa katika vikombe vitatu. Cha kwanza tulikiacha vile vile, kiwe cha kulinganishia. Katika cha pili tulitia matone ya ndimu, na maji yakawa mekundu ya kung'aa. Katika cha tatu tulitia maji ya majivu. Hayakugeuka hata kidogo, na darasa likacheka.

Ndipo binti mmoja akasema: "Mwalimu, mama anapotaka chumvi ya majivu ya kupikia, huyaacha majivu majini usiku kucha, kisha huyachuja." Tukafanya kama alivyofanya mama yake. Asubuhi tulitia matone machache tu, na maji ya maua yakawa ya kijani. Ndimu ni asidi. Maji ya majivu ni besi. Siku ile hakuna aliyehitaji kuyakariri maneno hayo. Nami niliona kwamba mwalimu wa somo lile alikuwa mama yule, asiyepata kukaa darasani. Kwa juma zima watoto walileta maziwa yaliyochacha, sabuni, nyanya, na kila mmoja alitaja kwanza rangi aliyoitazamia, kisha akajaribu. Niliwaonya tu wasionje maji yale, wala wasiyaache majivu yafike machoni, kwa kuwa yanachoma.

Basi, turudi kwa Science in School. Gazeti hili lilianza mwaka 2006. Wenye kulitoa ni EIROforum, yaani muungano wa vyama vinane vikubwa vya utafiti vya Ulaya. Miongoni mwao ni CERN ya Geneva, yenye pete ya kilomita 27 chini ya ardhi ambamo chembe ndogo mno hugonganishwa; EMBL ya Heidelberg, wachunguzao siri za uhai; ESO, wenye darubini kubwa katika milima ya Chile; na ESA, wapelekao vyombo katika anga za juu. Wataalamu hao na waalimu wa shule hukutana katika kurasa zake.

Gazeti halilipiwi hata faranga moja. Husomwa katika intaneti. Lugha yake ni Kiingereza, lakini makala kadhaa zimefasiriwa kwa lugha nyingine za Ulaya, na Kifaransa kimo, ndiyo lugha ya shule zetu. Limegawanyika sehemu tatu: ya kuelewa, ya kutia moyo, na ya kufundisha. Hiyo ya tatu ndiyo yetu hasa, kwa kuwa humo mna mafunzo yaliyokwisha kupangwa kwa ajili ya darasa.

Sitawadanganya: si kila ukurasa utawafaa. Majaribio mengine yataka mashine zenye bei, mengine yataka kompyuta kwa kila mtoto. Hayo yasomeni kwa kujiongezea maarifa, mkapite. Lakini mkutapo jaribio la vikombe, uzi, maji au mshumaa, simameni hapo. Msiulize: "Je, kitu hiki tunacho?" Ulizeni: "Kitu hiki kinafanya kazi gani, na kwetu ni nini kifanyacho kazi hiyo?" Kisha lijaribuni jaribio nyumbani kabla ya kuingia darasani, tena mwandike katika daftari lililoharibika pamoja na lililofaulu. Majivu yangu yaliyoshindwa yalinifundisha kuliko ndimu iliyofaulu.

Wala asione haya mwalimu afundishaye kwa mikebe na chupa za kuokota. Baada ya vita vya pili vya dunia, shule nyingi za Ulaya zilikuwa magofu, na vyombo vyake vimeteketea. Mwingereza J. P. Stephenson akawaandikia waalimu wa nchi zilizoharibiwa kijitabu, kilichotolewa na Unesco mwaka 1948, cha kuwaonyesha namna ya kufundisha sayansi kwa vitu vya kujitengenezea. Kutokana na kijitabu hicho Unesco ikatoa mwaka 1956 kitabu kikubwa cha majaribio, kikasomwa na waalimu wa nchi nyingi. Basi njia hii si ya maskini wa Afrika peke yao. Hao tunaowadhani matajiri waliipitia pia.

Ninyi wazazi, mtoto akiomba ndimu moja au konzi ya majivu kwa ajili ya shule, msimfukuze jikoni. Tena mwambieni mjuayo, kwani jiko ni maabara ya zamani. Ninyi wanafunzi, ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni. Nanyi waalimu wenzangu, gharama ya intaneti ikiwalemea, shirikianeni watatu au wanne: mmoja achukue makala moja katika simu yake, wengine wainakili kwa mkono. Makala moja iliyojaribiwa darasani yashinda matoleo kumi yaliyolazwa kabatini.

Wahenga walisema: kusikia si kuona. Kijana yule wa kiti cha nyuma alikwisha kuondoka shuleni kabla sijaijua habari ya maua, nami sikupata kumjibu. Ikiwa anasoma ukurasa huu, namwomba radhi. Ajue kwamba swali lake lilikuwa jema, na kwamba siku ile ile alipouliza, jibu lilikuwa linachanua ukingoni mwa shule.

Kwaherini hadi juma lijalo.