"Hatuuzi" si Ruhusa

Mwaka jana wakati wa likizo niliandika makala fupi katika Wikipedia ya Kiswahili kuhusu askofu mmoja marehemu wa jimbo letu. Maandishi hayakunisumbua. Nilikuwa na kitabu cha jubilei, nilikuwa na tarehe za upadrisho wake na za kuwekwa wakfu, na wazee wa parokia walikuwepo wa kunisahihisha. Kilichobaki kilikuwa picha. Nikachukua ile ambayo kwetu kila mtu anaijua: askofu amesimama mbele ya kanisa, fimbo mkononi, watoto wa Utoto Mtakatifu wamemzunguka. Imechapwa kwenye kalenda, kwenye fulana, na kwenye kitenge cha jubilei. Nikaipakia katika Wikimedia Commons, ghala la picha linalotumiwa na Wikipedia za lugha zote. Nilipofika mahali panapouliza kazi hii ni ya nani, nikachagua "kazi yangu mwenyewe", kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa njia fupi ya kumaliza.

Baada ya siku chache picha ikaondolewa.

Nilikasirika sana. Nilirudi seminarini bado nikilalamika kwamba tunamtangaza mtu wa Mungu, hatuuzi chochote, hatutafuti faida, halafu mtu wa mbali asiyemjua askofu wetu wala jimbo letu anafuta kwa kubofya mara moja. Wenzangu waliniunga mkono. Mmoja wao, ambaye husoma mambo mengi nje ya masomo, akaniambia Wamarekani wana kanuni inayoitwa matumizi ya haki, kwamba unaweza kutumia kazi ya mtu bila kumwomba ikiwa nia yako ni kuelimisha. "Dai hiyo," akasema.

Basi nikaenda kuisoma ili niidai. Imo katika sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976, kifungu cha 107. Inamtaka hakimu apime mambo manne kwa pamoja: kazi ya mwenzako umeitumia kwa lengo gani na kwa namna gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na matumizi yako yanamwathiri vipi mwenye kazi katika soko lake. Kutotafuta faida kunahesabiwa, lakini ni sehemu tu ya jambo la kwanza. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba asiyeuza ameruhusiwa. Sheria yetu ya Tanzania, ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nayo ina matumizi yanayoruhusiwa bila kumwomba mwenyewe, kama vile nukuu na mifano ya kufundishia, lakini nayo haisemi kwamba neno "hatuuzi" linafungua kila mlango.

Kisha nikakuta jambo nililokuwa silijui. Commons haipokei kabisa picha kwa hoja ya matumizi ya haki. Inapokea picha ambayo hakimiliki yake imekwisha, au ambayo mwenyewe ameitoa kwa leseni huria, yaani kila mtu aruhusiwe kuitumia, kuibadilisha na hata kuiuza, mradi atimize masharti ya leseni, kama vile kumtaja aliyeitengeneza. Mwaka 2007 shirika linaloendesha Wikipedia liliruhusu kila lugha ijiwekee kanuni zake ndogo za kupokea picha zisizo huria, ndani ya mipaka ya sheria. Wikipedia ya Kiingereza ilijiwekea masharti 10, makali kuliko sheria yenyewe ya Marekani. Picha iwe ndogo, itumike mahali inapohitajika kweli, na kusiwe na namna ya kupata picha huria badala yake. Kwa sababu hiyo picha isiyo huria ya mtu aliye hai kwa kawaida haikubaliwi: yuko hai, nenda kampige.

Kwa nini wajibane hivyo wakati sheria inawaachia nafasi? Kwa sababu kamusi elezo hiyo haikuandikwa isomwe mahali pamoja tu. Inanakiliwa. Kuna programu inayoitwa Kiwix inayomwezesha mtu kuibeba Wikipedia nzima katika kompyuta au simu na kuisoma mahali pasipo na intaneti. Shule inaweza kuipakua na kuichapa, na mchapishaji anaweza kuchukua makala na kuyauza kama kitabu. Picha niliyoichukua mimi bila ruhusa ingesafiri hadi kwao, na kila mmoja angedhani ni salama kwa kuwa mimi nilikwisha kusema ni yangu.

Hapo ndipo iliponichoma. Mimi sikudai matumizi ya haki wala kitu chochote kinachofanana nayo. Nilisema ni kazi yangu mwenyewe. Picha ile ilipigwa kabla sijazaliwa! Nilikuwa nimejifikiria kuhusu amri ya saba, kama niliiba au sikuiba, na kumbe ya kwanza kuvunjwa ilikuwa ya nane.

Tuje kwenye ile ya saba, maana ndiyo tunayojitetea nayo. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika sehemu ya Summa anayozungumzia wizi, anatenganisha mambo mawili: uwezo wa kusimamia mali, ambao mtu anaweza kuwa nao kama mali yake mwenyewe, na matumizi, ambayo mtu anatakiwa ayaone kama ya wote, awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Anaendelea hadi kusema kwamba mtu aliye katika hitaji kubwa na la wazi akitwaa cha mwingine ili aokoke, hajaiba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2408 inafuata njia hiyo hiyo: si wizi ikiwa idhini ya mwenye mali inaweza kudhaniwa, au ikiwa kukataa kwake ni kinyume cha akili na cha lengo la Mungu kwamba vitu viwe kwa ajili ya wote.

Mwenzangu aliposikia hayo alishangilia. "Unaona? Elimu ni ya wote!" Nami nakubali kwamba elimu ni ya wote. Lakini Thoma alikuwa anamwongelea mtu mwenye njaa. Msomaji wa makala yangu hakuwa na njaa ya kufa kwa kukosa picha. Alikuwa ameshaambiwa askofu alizaliwa wapi, alijenga shule ngapi, na alizikwa wapi. Na idhini ya kudhaniwa haiwezi kuwa idhini niliyokwepa kuiomba. Ukimwona jirani yako hayupo na mbuzi wake wanakula mahindi yake, unaingia shambani kwake bila hodi kuwafukuza, na unajua atakushukuru. Ukiingia kuchuma mahindi kwa sababu eti huyauzi, hiyo ni habari nyingine.

Sisemi kwamba matumizi ya haki ni wizi uliovalishwa joho la sheria. Yapo mambo ambayo picha yenyewe ndiyo ushahidi, na mwenye nayo anaizuia ili ukweli usijulikane. Hapo kukataa kwake ni kinyume cha akili, na nadhani sheria inafanya vyema kuacha mlango wazi. Lakini sisi watu wa parokia hatuupiti mlango huo. Tunapita dirishani, kisha tunasema ni kwa ajili ya Kanisa.

Niliamua kumtafuta aliyepiga ile picha. Katika ofisi ya parokia kuna nakala ya zamani ndani ya fremu. Paroko akaniruhusu kuifungua. Nyuma yake kulikuwa na mhuri wa studio moja ya mjini. Studio hiyo sasa ni duka la wakala wa fedha, lakini kijana wa dukani alinielekeza kwa mzee mwenyewe.

Alikuwa amekaa barazani. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaitazama, akaniuliza, "Frateri, umekuja kulipa?" Akacheka, lakini sikuwa na hakika kama ni mzaha.

Akanieleza ilivyokuwa. Hakukodiwa na mtu. Ilikuwa sikukuu ya kipaimara, na yeye alikwenda kama wapiga picha wote walivyokuwa wanakwenda, kwa mkanda wake na kamera yake, awapige watu na kuwauzia nakala Jumapili inayofuata. Askofu alipotoka watoto wakamkimbilia, naye akabofya. Aliuza nakala chache. Baadaye akaanza kuiona kwenye kalenda, mwaka baada ya mwaka, na kalenda zinauzwa mlangoni mwa kanisa baada ya Misa. Hata yeye alinunua moja.

"Hukuwauliza?" nikasema.

"Niwaulize nani, mwanangu? Ukilidai Kanisa, watu watakuonaje?"

Naomba wasomaji wenzangu tukae na sentensi hiyo kidogo. Mzee huyo alisomesha watoto kwa picha. Hakunyamaza kwa sababu aliridhia. Alinyamaza kwa sababu ni sisi. Kile tulichokiita idhini ya kudhaniwa kilikuwa aibu yake ya kudai.

Nikamwomba ruhusa. Akakubali mara moja, tena kwa furaha, hasa niliposema jina lake litaandikwa. Ningeweza kuishia hapo na kurudi na picha. Lakini nilikuwa nimeshasema uongo mmoja katika jambo hili, nikaona nimweleze leseni huria maana yake nini, yaani kwamba akitoa, ametoa kwa wote, na hawezi kuirudisha, na kwamba mtu mwingine anaweza kuiuza bila kumpa senti mradi amtaje.

"Hata wa kalenda?"

"Hata wa kalenda."

Akafikiri. "Basi hapana. Waruhusu hapo kwenu kwenye intaneti tu."

Nikamwambia hapo tu hawapokei. Commons haikubali picha yenye sharti la kutouzwa. Akatikisa kichwa, nasi tukahamia kwenye habari za mvua.

Wenzangu wengine wanaona nilijiharibia mwenyewe kwa maelezo mengi. Wengine wanasema mzee ni mchoyo. Mimi naona amekuwa mkarimu kwa miaka mingi bila kuulizwa, na siku alipoulizwa kwa mara ya kwanza alikuwa na haki ya kujibu. Huenda picha ndogo ya askofu marehemu ingeweza kutetewa kwa matumizi ya haki katika Wikipedia ya Kiingereza. Nisingeidai. Mwenye picha yu hai, nimekaa barazani kwake, na amesema hapana.

Ila mzee ana picha zake chache. Sisi tunazo nyingi, na hapa ndipo ninapotulaumu. Kwa miaka mingi picha ya Papa Fransisko iliyotumika sana katika Wikipedia ilipigwa Korea Kusini mwezi Agosti 2014, na ilitolewa kwa leseni huria na idara ya serikali ya Korea. Picha rasmi za Vatikano zina hakimiliki, na Vatikano ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2011. Sizungumzii uamuzi wa Roma, wana sababu zao. Lakini tazama kwetu. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, ambaye mchakato wake ulifunguliwa katika Jimbo la Musoma mwaka 2005, anaonekana Commons akiwa na Rais Kennedy mwaka 1963, kwa kuwa picha za watumishi wa serikali ya Marekani hazina hakimiliki huko kwao. Anaonekana akiwa ziarani Uholanzi mwaka 1965, kwa kuwa Nyaraka za Taifa za Uholanzi zimeachia mikusanyo yao. Mwalimu aliyekuwa akipiga magoti katika makanisa yetu tunaonyeshwa na Wazungu, akiwa kwao.

Picha za makanisani kwetu ziko wapi? Nyingi ziko katika makabati ya maparokia na ya mashirika ya kitawa, zimeshikana kwa unyevu, hazina tarehe wala jina la aliyepiga. Zile ambazo parokia au jimbo lina haki nazo kweli, kwa sababu lilimwajiri mpigaji au aliliachia kwa maandishi, zinaweza kuachiwa kwa barua moja ya mwenye mamlaka. Zile za watu kama mzee wangu, mtu aende akawaulize wangali hai. Na kamati za daraja takatifu, ambazo kila mwaka zinapanga bajeti ya kitenge, keki na maturubai, ziandikiane na mpiga picha karatasi moja inayosema picha ni za nani, na alipwe. Si kazi kubwa kuliko keki.

Makala yangu nimeyarekebisha wiki iliyopita. Nilirudi kijijini, nikasimama pale askofu aliposimama, nikalipiga picha kanisa lenyewe, lililojengwa na wamisionari zaidi ya miaka mia iliyopita. Paa limebadilishwa mabati, na mwembe umekua ukaficha nusu ya mnara. Safari hii nilipofika kwenye swali la kazi hii ni ya nani, nilichagua jibu lile lile la mwanzo.